Kuku Walivyotutoa kwenye Kausha Damu

Deni letu lilianza na laki nane. Mume wangu alikuwa fundi ujenzi Singida mjini, mimi nashona nguo kwenye kibaraza cha nyumba tuliyokuwa tumepanga. Mwishoni mwa mwaka 2020 alianguka kutoka kwenye jukwaa la ghorofa, akavunjika nyonga na mguu wa kulia. Mwenye jengo alitoa nauli ya bajaji siku ile, baada ya hapo simu yake ikawa haipokelewi. Bima ya afya hatukuwa nayo. Hospitalini wakatupa rufaa kwenda Dodoma, na huko tukaambiwa mguu lazima uwekewe chuma. Ndugu zake walichanga, ndugu zangu wakachanga, jumuiya yetu ya kanisani ikapitisha mchango nyumba kwa nyumba. Bado zikapungua laki nane, na daktari anasubiri. Nikaenda kwa wakopeshaji.

Wanaoishi mijini wanaijua mikopo hii ya kausha damu. Unapeleka picha mbili za pasipoti, nakala ya kitambulisho cha taifa, barua ya mwenyekiti wa mtaa, na karatasi yenye orodha ya vitu vya ndani: televisheni, jiko la gesi, godoro, cherehani. Pesa unaipata siku hiyohiyo, na kabla hujaishika wameshakata ya fomu. Marejesho ni kila wiki. Ukikosa wiki moja kuna faini, na faini nayo inapigiwa riba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wa namna hii wawe na leseni, lakini mtu mwenye mgonjwa kitandani haulizi leseni. Januari nilirejesha vizuri kwa sababu ya sare za shule. Februari kazi zilipungua, Machi zikaisha kabisa, na mwezi wa nne walikuja na guta. Cherehani ilipakiwa ikiwa bado na uzi wa bluu kwenye sindano. Nilikuwa katikati ya sketi ya mtoto wa jirani. Niliwaomba wachukue vyote waniachie hiyo tu, maana ndiyo ingenipa hela ya kuwalipa. Walisema kazi yao si kusikiliza shida.

Vitu vyote walivyobeba havikumaliza deni. Kwa hesabu yao, baada ya kuviuza kwa bei waliyoipanga wenyewe, tulibaki tunadaiwa milioni moja na laki mbili. Kodi ya nyumba nayo ilikuwa imeisha. Tukapanda basi na watoto wetu watatu, mume wangu akiwa na magongo, tukaenda kwa mama yake, Wilaya ya Ikungi, kilomita chache kutoka barabara kuu iendayo Dodoma.

Nimesikiliza shuhuda nyingi ambazo sehemu hii huipita haraka zifike kwenye ushindi. Mimi siipiti haraka, kwa sababu najua kuna anayesoma akiwa hapo hapo leo. Usiku nilikuwa nikimsikia mume wangu akilia chini kwa chini, mtu ambaye sikuwahi kumwona akitoa chozi hata siku ya kumzika baba yake. Simu za wadai zilikuwa zinaingia tukiwa tunakula. Walimpigia hata mwalimu wa binti yangu, namba yake sijui waliipata wapi, wakamwambia mama wa mtoto huyu ni mwizi. Aibu ya namna hiyo inakukuta hata kisimani. Niliacha kwenda kuchota maji saa ambazo wanawake wenzangu wanakwenda. Nilikuwa nasali, nasema ukweli, lakini kuna siku sala yenyewe ilikuwa ni kukaa kimya tu nikiangalia ukuta.

Mama mkwe wangu ni mjane, wakati huo anakaribia miaka sabini, anaishi kwenye tembe aliyojengewa na marehemu mumewe. Alituachia chumba chake akahamia jikoni, walikokuwa wanalala kuku. Asubuhi moja aliniita.

"Mkwe wangu, ng'ombe sina. Walikwisha baba yenu alipougua. Nina hawa kuku. Chukua mitetea wanne na jogoo mmoja, uwe unauza mayai upate hata sabuni ya watoto."

"Asante sana, mama."

"Ila usiwapigie hesabu ndefu. Kiangazi kikifika mwisho, kideri hupita na wote."

Alilisema hilo bila huzuni yoyote, kama mtu anayekwambia kwamba Juni ni mwezi wa baridi.

Mkoa wetu unasifika nchi nzima kwa kuku wa kienyeji. Simama kando ya barabara kuu utaona matenga juu ya mabasi na malori, yamejaa kuku, yanakwenda Dodoma na Dar es Salaam. Lakini mama anayewafuga kuku hao amewafuga tangu usichana wake na bado hana bati. Kwa nini? Swali hili lilinisumbua kwa sababu sasa lilikuwa langu. Jibu nilianza kuliona kadiri nilivyokaa pale kijijini, na halikuwa uvivu, wala ujinga, wala ukosefu wa mtaji kama wanavyotuambia kwenye semina.

Kideri, ambacho sehemu nyingine wanakiita mdondo, kwetu hupenda kuingia mwishoni mwa kiangazi kabla ya mvua za kwanza. Kuku anaanza kusinzia, mabawa yanashuka, anaharisha kijani. Wengine wanakoroma. Wengine shingo inajipinda mpaka kichwa kinaangalia nyuma, anazunguka mahali pamoja akijaribu kudonoa punje asiyoifikia. Kikiingia kwenye kuku wasiochanjwa kinaweza kuondoka na karibu wote, na dawa ya kukitibu haipo. Watu huweka pilipili, majivu, shubiri au mwarobaini kwenye maji ya kunywa. Mama mkwe wangu alifundishwa hivyo na mama yake. Siwadharau waliotufundisha, na mitishamba ina kazi zake, ila kwa kideri sijaona kuku hata mmoja aliyepona kwa pilipili.

Sasa tazama kinachotokea sokoni. Mwezi wa saba na wa nane, baada ya kuvuna alizeti, kila nyumba inawahi kuuza kabla ugonjwa haujafika. Mchuuzi analijua hilo. Anakuja na baiskeli yake na tenga, anamshika jogoo kwa mkono mmoja, anampima uzito kwa macho, anakwambia elfu saba. Ukikataa anacheka: "Haya mama, subiri kideri kije kikupe kumi." Unauza. Desemba, wakati jogoo huyohuyo angekuwa na bei mara mbili, banda ni tupu. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa unatuibia mara mbili. Uliwaua waliobaki, na waliouzwa ulikuwa umeshawashushia bei kabla hata haujaingia kijijini. Mwanamke anayeuza kwa hofu hawezi kujenga, hata awe na kuku mia.

Katikati ya mwaka 2021 kulikuwa na mkutano wa kijiji. Ajenda zilikuwa nyingi, mchango wa darasa, mgogoro wa malisho, na afisa mifugo wa kata alipewa nafasi ya mwisho, watu wakiwa wanasimama kuondoka. Alisema ana chanjo ya kideri, shilingi mia kwa kila kuku, tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi mitatu. Nilimfuata alipokuwa anafungua pikipiki yake. Nikamwambia nina kuku kumi na saba tukijumlisha na wa mama.

"Mama, nitakuja," alisema, "lakini chupa ina dozi mia mbili, na nikishaifungua haikai. Nitafutie kuku wa kuimaliza."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini chanjo hii, pamoja na urahisi wake, ilikuwa haijatufikia. Hakuna nyumba moja pale kijijini yenye kuku mia mbili. Mtu mmoja hawezi kuinunua akaimaliza peke yake. Lazima watu wakubaliane siku moja, na watu walioona kuku wao wakifa kila mwaka tangu utotoni hawana sababu ya kuamka mapema kwa ajili ya tone la maji.

Nilipita kitongoji kizima. Wapo waliosema watafikiri. Wapo walionionea huruma, mwanamke wa mjini aliyefilisika anakuja kutufundisha kufuga. Mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama afisa mifugo ananilipa. Kilichobadilisha mambo ni mama mkwe wangu, ambaye siku ya tatu alichukua fimbo yake akasema twende wote. Kila nyumba alisema maneno yaleyale: "Nimezika kuku maisha yangu yote. Hiyo mia ni bei ya kiberiti. Leteni kuku." Mzee akishasema hivyo, wadogo wanaona haya kukataa. Tukapata nyumba za kutosha.

Chanjo yenyewe inaitwa I-2. Mbegu yake ilitoka Australia, Chuo Kikuu cha Queensland, ikiwa imelengwa kwa vijiji visivyo na friji, na hapa nchini inazalishwa na maabara ya mifugo ya serikali. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani. Afisa wetu aliileta kwenye kikapu, imeviringishwa kwa kitambaa kilicholowa maji, na alikuwa anatafuta kivuli kila anaposimama. Kuvumilia joto hakuna maana kwamba uiache juani.

Alifika saa kumi na moja alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, maana wakishatoka kuwakamata ni kazi ya watoto na mbwa. Alitufundisha kumshika kuku kwa kumlaza ubavu kwenye mkono, jicho moja liangalie juu, kisha tone moja lidondoke wima bila ncha ya kichupa kugusa jicho. Humwachii hapohapo. Unasubiri apepese, uone lile tone limesambaa na kuzama, ndipo unamweka chini. Kifaranga wa juzi anapata tone moja, jogoo mkubwa tone moja. Wenye dalili za ugonjwa hawachanjwi. Kazi hii mwanamke yeyote anaiweza, na mtoto wa darasa la tano anaiweza. Binti yangu aliifanya siku ileile, ulimi umetoka nje pembeni ya mdomo kwa umakini.

Siku chache baadaye tukapata mtihani. Mzee mmoja jirani yetu, aliyekubali kwa kusitasita, kuku wake walianza kufa. Mmoja, kesho yake watatu. Habari ikazunguka kitongoji kizima kabla ya jua kuzama kwamba chanjo inaua, na aliyeileta ni yule mke wa fundi mwenye madeni. Nilijifungia ndani. Afisa mifugo alipokuja alituketisha chini ya mti nyumbani kwa mzee mwenyewe akatueleza taratibu. Kideri kinakaa ndani ya kuku siku kadhaa kabla dalili hazijaonekana, na chanjo nayo inahitaji kama wiki mbili kujenga kinga. Kuku wa mzee walikuwa wameshaambukizwa siku tuliyowachanja. Alikuwa amenunua jogoo mnadani wiki iliyotangulia, na jogoo huyo ndiye alikufa wa kwanza. Akasema kwamba chanjo ni kinga, haimtibu aliyeshaugua, na kwamba kuku mgeni atengwe kwanza kwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi nyie wengine msinunue jogoo mnadani." Sijasahau wema wake. Angeweza kunimaliza kwa neno moja, na watu walikuwa wanalisubiri.

Tuliwachoma au kuwafukia waliokufa, maana mzoga uliotupwa porini unapelekwa na mbwa mpaka kitongoji cha pili. Miezi mitatu ilipotimia tulirudia chanjo, safari hii nyumba zikiwa pungufu kidogo. Halafu Oktoba kideri chenyewe kikapita. Kilichukua kuku ng'ambo ya korongo, kikachukua kwa waliokataa, kikafika mpaka kwa jirani wa ukuta. Mimi nilipoteza vifaranga walioanguliwa baada ya siku ya chanjo, ambao hawakuwa wamepata tone. Wakubwa wangu walibaki wote. Kila asubuhi mama mkwe alikuwa anafungua mlango wa jikoni akiwahesabu kwa kidole wanavyotoka, na wa mwisho akitoka anasema "Asante Mungu" kwa sauti, majirani wakisikia.

Mvua za kwanza zilitukuta na kuku, jambo ambalo mama mkwe hakumbuki lini lilitokea mara ya mwisho. Zamu iliyofuata afisa mifugo alileta chupa mbili.

Baada ya hapo ufugaji ukawa kitu cha kukipangia, na aliyeupanga ni mume wangu. Hakuweza tena kupanda jukwaa, lakini mikono na kichwa vilikuwa vizima. Alijenga banda la fito na udongo, sakafu akaiinua, vichanja vya kulalia akaviweka ndani. Alianzisha daftari la shule, kila mtetea na ukurasa wake: ametaga lini, ameatamia lini, ametotoa wangapi. Mtetea wa kienyeji akiachwa mwenyewe anataga mayai kumi na kitu, anaatamia siku 21, kisha anazunguka na vifaranga miezi miwili au mitatu kabla ya kurudi kutaga. Mwaka unaisha amefanya hivyo mara tatu tu. Tukajifunza kuwaatamisha kwa pamoja. Mtetea wa kwanza akitaka kuatamia unamwachia yai moja au mawili ya kumdanganya, unamsubirisha mpaka wenzake nao wawe tayari, halafu usiku mmoja unawawekea wote mayai mabichi ambayo hayajazidi wiki mbili. Wanatotoa siku moja. Vifaranga wote unampa mtetea mmoja au wawili wenye malezi mazuri, wengine unawatenga na kuwalisha vizuri, na baada ya wiki chache wanataga tena.

Jioni ya siku ya saba ya kuatamia ilikuwa ya kupima mayai. Mume wangu anakaa kwenye kigoda gizani, kitenge kimefunika kichwa na mikono, tochi ya simu chini ya yai. Yai lenye mbegu linaonyesha doa jeusi na mishipa myembamba imetawanyika kama miguu ya buibui. Lisilo na mbegu ni jeupe tu toka mwanzo mpaka mwisho. Watoto walikuwa wanagombania kuingia chini ya kitenge pamoja na baba yao. Kelele za humo zilikuwa zinanifanya nisimame na kusikiliza, kwa sababu kwa mwaka mzima sikuwa nimemsikia akicheka.

Chakula hatukununua sana. Pumba za mahindi zipo kila nyumba, mashudu ya alizeti yanapatikana kwenye mashine za kukamua mafuta, na kwa kuwa mkoa wetu ni wa alizeti bei yake si mbaya wakati wa msimu. Vifaranga tuliwapa mchwa. Unachukua chungu kikuukuu, unakijaza samadi kavu na mabua yaliyolowa maji, unakifudikiza juu ya tundu la mchwa jioni. Asubuhi kimejaa. Ukikimwaga mbele ya vifaranga hutasikia tena mlio wa njaa. Mwewe tulimzuia kwa kuwafunika vifaranga na matenga mchana wiki za mwanzo, na kicheche kwa kuziba kila tundu la banda linalopitisha ngumi. Ndui ya kuku nayo ilitusumbua, ile ya vipele kwenye upanga na machoni. Ina chanjo yake ya kuchoma kwenye ngozi ya bawa, tukaijumlisha kwenye ratiba.

Biashara nitaieleza kwa ufupi. Tulipokuwa hatuna hofu ya kideri hatukuwa na haraka na mchuuzi. Wanawake tuliokuwa tunachanja pamoja tukafanya kikoba, hisa tunanunua kwa pesa ya mayai. Pesa ya kwanza ya kikoba tulinunua mizani ya kuning'iniza, na kuku wakaanza kuuzwa kwa kilo. Tuliacha kuuza mwezi wa saba. Tunauza Krismasi, Pasaka na sikukuu za Idi, tunajaza matenga pamoja na kuyapeleka barabarani wenyewe. Jogoo aliyekuwa elfu saba Agosti alitoka kwa elfu kumi na sita Desemba 2021, jogoo yuleyule, kutoka banda lilelile. Tulikuwa na mpango wa kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, lakini mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima, ikarudi mwaka uliofuata. Kikoba chetu kilikuwa kimeshasimama bila hiyo.

Deni nililimaliza mwaka 2022. Sikulipa kwa simu. Nilikwenda Singida mjini na shemeji yangu na mwenyekiti wa ule mtaa tuliokuwa tumepanga, nikahesabu pesa mezani, nikadai waandike kwa mkono kwamba hawanidai tena, na mwenyekiti akagonga mhuri. Njiani kurudi nilimpigia yule mwalimu wa binti yangu nikamsomea karatasi nzima. Cherehani nilinunua nyingine, iliyotumika, mwaka uliofuata. Leo nashona na nafuga, na mbuzi wetu wa kwanza walitokana na majogoo. Mume wangu anatembea kwa fimbo moja. Mguu hautarudi ulivyokuwa, na hilo tumelikubali.

Namshukuru Mungu kwa yote haya, na ninamshukuru mama mkwe wangu, ambaye alinipa alichokuwa nacho wakati mwenyewe hana. Lakini nakataa mtu aniambie kwamba kuku ni utajiri wa haraka. Kuna matangazo mengi siku hizi ya kuku mia moja wanaozaa milioni kwa miezi minne, na nawajua watu waliokopa kausha damu ili kuyafuata, wakanunua vifaranga mia tano bila chanjo, wakawaona wanakufa kwa siku tatu. Kuku wasiochanjwa ni kamari. Sisi tulianza na mitetea wanne wa kupewa, na kilichotutoa ni kwamba kitongoji kizima kilikubali kuamka siku moja.

Mwaka 2025 serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo, na kuku wa asili wamo. Kama una kuku, hata watatu, nenda kwa afisa mifugo wa kata yako umwulize chanjo ya kideri inapita lini. Akikwambia kuku wako ni wachache, mwombe siku, kisha upite kwa majirani uwakusanyie idadi inayomaliza chupa. Nenda na mzee anayesikilizwa. Wachanje vifaranga pamoja na wakubwa, andika tarehe ukutani kwa mkaa, na miezi mitatu ikitimia rudia, hata kama ugonjwa hausikiki popote. Na wewe unayepigiwa simu na wadai usiku huu, usikae na jambo hilo peke yako. Mwambie mwenyekiti wa mtaa wako, mwambie mama yako, mwambie mchungaji au shehe wako. Sisi zamu yetu ijayo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa, saa kumi na moja alfajiri, na jirani yeyote wa Ikungi mwenye kuku anakaribishwa.